Neno Ambalo Madam Tumpe Hakulitamka

Vijana, nimewaona. Msidhani kwa kuwa nimestaafu na nimerudi kwetu Matema kuhangaika na migomba yangu, basi sijui yanayoendelea madarasani. Juzi nilipita shule moja kusalimia, nikamkuta kijana wenu anafundisha sayansi. Akaandika neno ubaoni, akaligusa kwa kijiti, akafunga mdomo. Watoto wakatazamana. Yeye kimya. Mwishowe katoto kamoja ka nyuma kakalitamka lile neno, wengine wakadaka, darasa zima likawa linalisema. Nilipomuuliza mbinu hiyo kaipata wapi, akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni mbinu shirikishi ya kisasa, imo kwenye kishikwambi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ya kisasa! Mbinu hiyo mimi najua ilikozaliwa, na aliyeizaa namjua, na sababu ya kuizaa haimo kwenye kishikwambi chochote. Ilitoka kwa mkamwana mmoja wa Ndandalo ambaye alikuwa hawezi kutamka neno moja. Kaeni niwaeleze, na wewe uliyeshika simu iweke kwanza chini.

Kazi yangu, kwa wasionijua, ilikuwa kuwafunza walimu wa sayansi wa shule za msingi huku Kyela. Walikuwa wananiita Mama Mkufunzi, hata wale walionizidi umri. Zamani kazi ilikuwa rahisi kwa mfunzaji na bure kwa mfunzwaji. Mnaitwa semina, mnakaa kwenye ukumbi wenye joto, anasimama mtu na projekta yake anaongea tangu asubuhi. Umeme ukikatika anaendelea kuongea gizani. Mnakunywa chai na vitumbua, mnapiga picha ya pamoja, mnapanda bajaji mnarudi makwenu, na Jumatatu kila mtu anafundisha vilevile alivyokuwa akifundisha. Nimeendesha semina za namna hiyo nyingi, na chai ilikuwa nzuri siku zote.

Halafu mpango ukabadilika. Tukaambiwa tuache kuwa wasemaji. Tuchague walimu wazoefu, wale wanaoijua sayansi na kuwajua watoto, tuwafunze namna ya kuwaongoza wenzao kwenye shule zao wenyewe. Mwalimu amfunze mwalimu. Mtu akisikia hivyo anaona ni jambo dogo. Loo! Kumfundisha mtoto ni kazi moja, kumwongoza mwalimu mwenzako ni nyingine kabisa. Mtoto ukimwambia kakosea, anafuta anaandika upya. Mwalimu wa miaka mingi ukimwambia kakosea, anakusalimia kwa mbali mpaka mwaka uishe.

Tena huku kwetu kuna ndaga. Mimi ni Mkisi, mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, lakini nimeishi na Wanyakyusa maisha yangu yote na nawapenda kwa adabu yao. Ila adabu hiyo ilinitesa. Unampa mtu chakula, ndaga. Unamsalimia, ndaga. Mtu kasimama mbele ya wenzake kafundisha somo la mfano, somo la ovyo, chaki imemponyoka, sumaku imekataa kuvuta, naye kakasirikia sumaku. Unawauliza wenzake wamelionaje somo. Wote kwa pamoja: ndaga fijo, ahsante sana mwalimu. Hakuna anayeuliza swali, hakuna anayemwambia mwenzake neno la kumfaa. Mkubwa hakosolewi mbele za watu, na katika walimu wa hapa kila mtu ni mkubwa wa mwingine kwa namna fulani.

Dawa yangu nilipewa na Mzee Ambakisye, mkufunzi aliyenilea kikazi. Alikuwa mtu mfupi mwenye mifuko mikubwa, na ndani ya mifuko hiyo alijaza pipi kifua. Siku za mwanzo alinisikiliza nikiuliza swali na kulijibu mwenyewe, nauliza najibu, nauliza najibu, mpaka akachoka. Akanipa pipi moja. Akaniambia nikishauliza swali niitie mdomoni, na nisiufungue mdomo huo mpaka pipi iishe. Jaribuni. Mtaona jinsi kimya kinavyouma. Mtaona pia kwamba kabla pipi haijafika nusu, kuna mtu atasema jambo, na mara nyingi ndilo jambo mlilokuwa mnalitafuta. Tangu siku hiyo sijaenda kazini bila pipi kifua, na kila niliyemfunza kuongoza wenzake nilimpa pakiti yake.

Sasa Tumpe. Madam Tumpe alikuwa mwalimu wa sayansi kwenye shule moja ya Ndandalo, mama wa makamo, mpole, sauti ndogo. Kwenye semina zangu alikaa nyuma siku zote, anaandika. Nilimjua siku moja tulipokuwa tunatoka. Alinisubiri watu wapungue, akanisogelea, akaniambia kwa heshima zote kwamba somo langu la mfano lilikuwa zuri, ila lilikuwa zuri kwetu sisi. Wale watoto walioletwa hawakuelewa, walikuwa wanaitikia tu kwa sababu nilikuwa nawatazama kwa macho makali. Hakuna mtu Kyela nzima aliyewahi kuniambia hivyo, na lilikuwa kweli tupu. Nikasema huyu ndiye. Nikampa pakiti ya pipi palepale.

Akaingia kwenye kundi la wale ninaowafunza kuongoza wenzao, na nikaenda shuleni kwake kumwangalia akifundisha. Siku hiyo somo lilikuwa mwanga. Akaandika ubaoni MWANGA kwa herufi kubwa. Akaligusa kwa kijiti. Akanyamaza. Watoto wakalitamka. Somo zima likaenda hivyo. Kila neno hilo lilipohitajika, anagusa ubao, watoto wanalisema wao, yeye anaendelea na sentensi. Watoto walikuwa macho kama wamemwagiwa maji, maana hawakujua kijiti kitagusa saa ngapi. Nikiwa nyuma na pipi yangu mdomoni, nikajisemea kwamba mwanamke huyu amenipita. Mwalimu anafundisha mwanga hatamki mwanga!

Basi nikaenda kuhubiri. Shule kwa shule, kata kwa kata, nikawaambia walimu waone Madam Tumpe anavyofanya, anawaachia watoto umiliki wa neno. Ndiyo, nilisema umiliki, nilikuwa na maneno siku zile. Walimu wakaiga. Yeye mwenyewe nilipomsifu mbele ya wenzake aliinama akatazama viatu vyake, nikadhani ni unyenyekevu.

Mpango wetu ulikuwa na siku yake ya mtihani. Kila tuliyemfunza alipaswa kusimama na kuongoza kipindi kimoja kizima cha walimu wa shule jirani, wakufunzi tukiangalia. Atakayesimama vizuri anathibitishwa na anaendelea na kazi hiyo. Asiyesimama, nafasi yake anapewa mwingine. Mada hatukuichagua sisi, waliichagua walimu wenyewe kwa kusema kinachowasumbua. Walimu wa upande wa Tumpe wakasema kinachowasumbua ni mwanga, maana shule hazina vifaa, wanafundisha kwa maneno matupu. Nikafurahi. Nikaona Tumpe kapewa chake mkononi.

Siku chache baadaye akanijia pale nilipokuwa nimepanga, Kyela mjini. Alikuwa ameloa, mvua zetu mnazijua. Hakutaka hata chai. Akasema:

"Mama, niondoe. Mpe mwingine hiyo nafasi."

Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba shule ya jirani imehamishiwa mwalimu mkuu mpya, na ni mwalimu wa sayansi, na atakuja kwenye kipindi kwa sababu hakosi kipindi. Nikasema vizuri, aje. Jina hakulitaja; mimi ndiye niliyeuliza kama ni Mwalimu Mwangamba, akakubali kwa kichwa. Nikasema namjua, mtu mzima, ana heshima zake. Tumpe akatazama sakafu, akasema ni baba mkwe wake.

Nikakaa chini. Wengi wenu siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na mnapiga nao picha, kwa hiyo niwaeleze. Kwa Wanyakyusa wa mila, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani yeye anaingia kwenye mikokoa mpaka mzee apite. Kanisani Tumpe aliingia kwa mlango wa ubavuni kwa sababu hiyo. Na jina la baba mkwe halitamkwi, wala neno linalofanana nalo. Pale kijijini ukisema Mwangamba unamsema yule mzee. Sasa chukua jina hilo, litamke polepole, uone linaanzaje.

Ndipo nilipofahamu. Nikamuuliza ina maana kile kijiti, kile kimya, ule umiliki wote wa neno niliouhubiri wilaya nzima, yote hayo ni kwa sababu hawezi kulisema? Akatikisa kichwa kukubali, na nikaona anazuia kicheko katikati ya machozi. Akasema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa nimefurahi sana.

Nilikasirika kidogo, nasema kweli. Nikamuuliza kwa nini mila imnyime kazi, enzi hizi, mwanamke msomi kama yeye. Hakupandisha sauti.

"Mama, mimi simwogopi yule mzee. Namheshimu. Nilipofiwa na baba yangu, yeye ndiye aliyelima shamba letu, na hatujawahi kusemezana. Siwezi kumvunjia heshima mbele ya walimu wake. Lakini miaka yote nimekaa nyuma naandika. Na mimi nilitaka mara moja nisimame mbele."

Nilimwambia arudi nyumbani, asimwambie mtu yeyote, na aendelee kujiandaa.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Ndandalo kwa Mwalimu Mwangamba. Nilimkuta uani, anageuza kokoa juu ya turubai, shati jeupe, mikono imekunjwa. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, habari za watoto, habari za mpunga, habari za ziwa. Kwa mzee namna ile huanzi na shida yako, unaizunguka mpaka aione mwenyewe. Aliiona upesi. Akasema anajua mkamwana wake ndiye atakayeongoza, na alishaamua kubaki nyumbani siku hiyo ili asimpe taabu.

Nikamwambia akibaki nyumbani hapo ndipo taabu inapoanza. Walimu wakubwa wote wa upande ule walikuwa wanamtazama yeye. Wangesema ikiwa Mwangamba hakwenda, sisi tunakwenda kufundishwa nini na mama wa watu? Tumpe angebaki anaongea na madawati. Mzee akageuza kokoa yake kimya, na mimi nikatia pipi mdomoni. Ilikuwa imebaki punje alipojibu.

"Nitakuja, lakini siingii. Niwekeeni kiti nje, dirishani. Nitasikiliza. Masikio hayana ukwe."

Tukacheka wote wawili, akanipa mkungu wa ndizi nirudi nao. Lakini njiani moyo haukutulia, maana kiti cha nje kilimpa mzee nafasi ya kusikia, hakikumpa Tumpe ulimi wa kusema lile neno. Watoto unawagusia kijiti wanafurahi. Walimu wazima wenye mvi utawagusia kijiti kipindi kizima? Wangemwona haijui mada yake.

Siku ikafika. Asubuhi mvua ilinyesha vibaya, na kipindi cha mwanga bila jua ni kazi bure, kwa hiyo nilisimama mlangoni nagombana na mawingu. Tumpe alikuwa ndani ya darasa la shule yake, anaandaa. Alikuwa ameomba maturubai meusi ya kuanikia kokoa, akayatundika madirishani juu ya mbao. Dirisha moja tu aliliacha na ubao wake wa zamani, ambao komeo lilikuwa limeng'oka na kuacha tundu dogo, dole gumba halipiti. Mbele ya tundu hilo, ndani ya chumba, akatundika shuka jeupe. Nje, mkabala na tundu, kijana mmoja anaitwa Mwalimu Gwakisa aliegesha pikipiki yake nyekundu. Yule Gwakisa ndiye alikuwa msaidizi wake, na ndiye pekee aliyejua nini kitatokea.

Walimu wakaja, wakajaza madawati. Mwalimu Mwangamba akaja na mwavuli wake, akasalimia kupitia dirishani, akakaa kwenye kiti chake chini ya paa la baraza. Kila mtu alijua kwa nini kakaa nje. Hakuna aliyesema.

Tumpe akaanza. Sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. Aliuliza tunaonaje vitu, akatia pipi mdomoni, akasubiri. Wakasema. Akauliza tena, wakasema. Alikuwa anaenda vizuri ila nilikuwa nasikia anavyolizunguka lile neno, kile kinachotoka kwenye jua, kile kinachotuwezesha kuona. Mwalimu mmoja mwenye mvi akaanza kumtazama mwenzake. Nikaivunja pipi yangu kwa meno.

Jua likatoka. Tumpe akamwashiria Gwakisa, Gwakisa akafunga mlango, na madirisha yote yakashushwa maturubai. Giza. Watu wakaguna, wakaulizana kama umeme umekatika, na umeme wenyewe shule ile haukuwepo. Tumpe akawaambia watulie macho yazoee giza, watazame lile shuka.

Sasa sikilizeni kilichotokea nje, maana sisi wa ndani hatukukijua. Yule mzee pale barazani, dirisha lilipofungwa, akawa hasikii tena. Naye alikuja kusikiliza. Kwa hiyo akachukua kiti chake, akatoka kivulini akakiweka juani, mbele ya lile tundu, mbele ya pikipiki. Akakaa ameelekea dirishani, shati jeupe, mwavuli magotini, ametega sikio.

Ndani, shuka likaanza kupata rangi. Kwanza rangi ya bluu kwa chini, ndiyo mbingu. Kisha kijani cha migomba kikining'inia kwa juu. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha katikati, palipotakiwa kutokea pikipiki nyekundu, pakatokea shati jeupe, kisha mikono, kisha uso. Alikuwa Mwalimu Mwangamba mzima mzima, na rangi zake, na mwavuli wake, amekaa kichwa chini miguu juu kama popo, anapepesa macho.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama kilivyoanza, kwa sababu wote tulimkumbuka Tumpe. Alikuwa amesimama ubavuni mwa shuka na alikuwa ameshaona. Tangu aolewe hajawahi kumtazama mzee yule usoni, na sasa yuko mbele yake, mkubwa, shukani. Alifunika uso kwa viganja, akaanza kupiga magoti kama mila inavyotaka. Nikasema basi, imekwisha, na nikainuka nifungue mlango.

Hakwenda chini. Aliishia nusu, akasimama. Akatupa kisogo, ameelekea kona, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake akauliza: "Walimu, mnaona nini?" Akanyamaza. Sijui kama alikuwa na pipi.

Kisha yule mwalimu mwenye mvi akasema tunamwona mwalimu mkuu amewekwa kichwa chini, na katika kazi yake yote hajawahi kuona mwalimu mkuu akiwekwa hivyo. Kicheko kikarudi, safari hii cha raha. Na ndani ya kicheko maswali yakaanza kumwagika. Kwa nini kichwa chini? Kwa nini rangi zipo? Tundu likiwa kubwa je? Mwingine akasema si kweli, ni video, akaenda kutafuta projekta nyuma ya shuka. Vijana, miaka yote ile nimetafuta swali moja kwa walimu wale nikapata ndaga, na sasa walikuwa wanagombania kuuliza. Nilitaka kulia.

Ubao wa dirisha ukagongwa kutoka nje. Mzee anauliza tunacheka nini humo. Gwakisa akatoka kumweleza. Tukasikia mazungumzo, tukasikia mzee anasema haiwezekani, kisha Gwakisa akarudi na ujumbe: mwalimu mkuu anataka kuona.

Hapo pakawa na shida, na walioitatua ni wenye mila wenyewe, bila mimi. Tumpe akatoka kwa mlango wa nyuma. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele, na ingawa mvua ilikuwa imekwisha alifungua mwavuli akajikinga nao upande ule, wasije wakaonana kwa bahati mbaya. Gwakisa akamwonyesha Tumpe mahali pa kusimama, juani, mbele ya tundu. Akarudi ndani, tukafunga mlango.

Mzee aliketi kwenye dawati la mbele, akasubiri macho yazoee giza. Shuka likajaa. Tumpe alikuwa pale, kichwa chini, kitenge chake cha njano kinawaka. Lakini alikuwa ametupa mgongo, kwa heshima. Mzee akatazama mgongo ule muda mrefu. Kisha akasema, taratibu:

"Mwambieni ageuke. Huku ndani hanioni."

Gwakisa akapaza sauti kwenye tundu. Tukaona kwenye shuka kitenge kinasita, kisha kinageuka, na uso wa Tumpe ukatokea. Hakujua atazame wapi, akatazama dirisha. Nilikaa karibu naye, nikamsikia anavuta pumzi.

Halafu ualimu ukamshika. Akasema aulizwe, kwa nini yuko kichwa chini? Tumpe akajibu kutoka nje, na sauti yake ikapenya kwenye tundu, ndogo lakini safi. Alisema kinachotoka kichwani kinashuka kupita tunduni kinaangukia chini, na kinachotoka miguuni kinapanda, kwa sababu hakiwezi kupinda njiani. Mzee akauliza, ni nini hicho kisichopinda? Tulikuwa tumekaa gizani watu wazima wote, tumegeukia tundu. Nje kimya. Alikuwa anajua, na mzee alikuwa anajua kwamba anajua, na sote tulijua kinachomzuia.

Mzee akainuka, akasogea mpaka kwenye ubao wa dirisha. Akaweka mdomo karibu na tundu, na shuka likaingia giza.

"Jina ni langu mimi, na mimi ndiye nasema. Litamke, mwanangu. Hawa watu wamekuja kujifunza."

Akaondoka kwenye tundu, na shuka likajaa tena. Tumpe alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akainua kichwa, yaani kwetu sisi alikishusha, akasema:

"Mwanga. Mwanga husafiri katika mstari ulionyooka."

Nikasikia viganja vinapigwa, kwanza vya mzee, kisha vya chumba kizima, na ndaga, ndaga fijo, na hiyo ndiyo ndaga ya kwanza katika kazi yangu yote niliyoamini ilitoka moyoni. Alilisema neno lile tena na tena mpaka mwisho wa kipindi, akiwa palepale juani, wenzake wakimuuliza kwa zamu kupitia tundu. Alithibitishwa kabla hatujala chakula. Na mila haikuguswa: mzee alitoka kwa mlango wa mbele na mwavuli wake, Tumpe akaingia kwa wa nyuma, na Jumapili kanisani alipita mlango wake uleule wa ubavuni. Yule mzee ndiye aliyezunguka kwa walimu wakuu wenzake kuwaambia wawape walimu wao nafasi ya kukaa na Tumpe. Alipokutana nami aliniambia tu kwamba mkamwana wake anafahamu fizikia.

Leo Tumpe anafunza wanaoongoza wenzao, kazi niliyokuwa nafanya mimi, na anaifanya vizuri kunipita. Kile kijiti na kimya mnachoiga hajakiacha, maana kumbe watoto walikuwa wanakipenda kweli. Na ameongeza utaratibu wake. Kila anapofungua kipindi cha mwanga, mtu wa kwanza kuketi nje mbele ya tundu ni mkubwa kuliko wote waliokuja, awe afisa, awe mwalimu mkuu. Anasema mkubwa akishaonekana kichwa chini, wadogo wanaanza kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja huku kwetu Matema na walimu wake. Nilikwenda kumsalimia tu, mstaafu wa watu, na kanga yangu. Akanitazama, akatazama kiti kilichokuwa juani. Nikamwambia asithubutu. Nikabembelezwa, nikaketi, nimewapa mgongo kwa kusudi, nimetazama ziwa. Nyuma yangu dirisha likafungwa, kukawa kimya, kisha nikasikia vicheko vya walimu vijana humo gizani, ninyi mlikuwemo, msikatae. Na juu ya vicheko vile, sauti ya Tumpe kutoka kwenye tundu, hata si ndogo tena:

"Mama Mkufunzi, geuka. Huku ndani huwaoni."

Nikageuka.